Kipanya hakijui kuburuta: namna ya kulifanya umbo lifuate mkono kwenye skrini

Fundi seremala mmoja wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, hakati bodi kabla ya kupanga maboksi. Anatandaza mezani boksi moja lililokunjuliwa, akilichukulia kuwa ndiyo bodi nzima ya futi nane kwa nne, ila imepunguzwa ukubwa. Pembeni ana vipande vidogo alivyovikata kwa mkasi kwa kipimo hicho hicho: hiki mlango wa kabati, huu ubavu, hizi rafu tatu, huu uso wa droo. Anavisukuma kwa kidole, kimoja kimoja, anakipeleka hiki kona ile, anakirudisha, mpaka vyote vimeenea na mabaki ni machache. Bodi ni ghali, hata hizi zinazotoka jirani tu, kwenye viwanda vya Mafinga, na ukishapitisha msumeno pasipostahili huna namna ya kurudi nyuma.

Siku moja ya baridi ya Juni akaniambia, “Mwalimu, hii kazi ya maboksi naitaka hivi hivi kwenye kompyuta. Nishike kwa kipanya, nivute, niachie.”

Nikamjibu, “Sawa fundi, nipe wiki moja.”

Kuchora bodi na vipande vyake kwenye skrini kulinichukua saa moja. Kuvifanya vishikike ndiko kulikomaliza wiki, na kulinifundisha jambo ambalo tangu hapo namweleza kila kijana anayekuja kujifunza kutengeneza programu za madirisha, maana karibu wote hujikwaa pale pale. Kompyuta haina kitu kinachoitwa kuburuta.

Programu yako inaletewa habari tatu tu. Kwanza: kitufe kimebonyezwa, mshale ukiwa mahali fulani. Pili: mshale umesogea, sasa uko mahali fulani. Tatu: kitufe kimeachiwa. Ukitumia lugha ya Python na Tkinter, zana yake ya kutengeneza madirisha, habari hizo zinaitwa ButtonPress-1, B1-Motion na ButtonRelease-1. Ukitumia lugha ya Java na Swing, zana yake ya kazi hiyo hiyo, ni mousePressed, mouseDragged na mouseReleased. Majina hutofautiana, habari ni zile zile. Wala usidanganyike na jina mouseDragged ukadhani kuna kitu kimevutwa. Maana yake ni kwamba mshale umesogea huku kitufe kimeshikiliwa, basi.

Kila habari inafika peke yake, kama mpita njia anayechungulia mlangoni, akasema neno moja na kuondoka. Anayefuata hajui aliyetangulia alisema nini. Boksi la fundi linafuata kidole kwa sababu ya msuguano kati ya ngozi na karatasi. Kwenye skrini hakuna msuguano. Kinachounganisha habari ya kwanza na ya pili na ya mia mbili ni kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo unaiweka wewe mwenyewe ndani ya programu. Swali zima la kuburuta ni hili: ukumbuke nini?

Tuchukue namba halisi. Bodi ya futi nane kwa nne ni milimita 2440 kwa 1220. Nimeichora kwa kipimo cha pikseli (nukta za skrini) 0.4 kwa kila milimita, kwa hiyo kwenye skrini ina pikseli 976 kwa 488. Mlango mdogo wa milimita 600 kwa 400 unakuwa pikseli 240 kwa 160. Kona yake ya juu kushoto iko x 300, y 120. Kumbuka kwamba kwenye skrini y inahesabiwa kuanzia juu kwenda chini, tofauti na grafu za darasani.

Sasa fundi anaushika mlango huo katikati-katikati, mshale ukiwa x 370, y 180. Mwanafunzi anayeanza huandika hivi: mshale ukisogea, peleka kona ya kipande mahali mshale ulipo. Inaonekana sawa kabisa. Lakini mara tu fundi anapogusa kipanya, mlango unaruka pikseli 70 kulia na 60 chini, kona yake inanasa kwenye ncha ya mshale, na kuanzia hapo unaburutwa kwa kona. Hebu fikiria umeshika ubao katikati, ukataka kuusogeza kidogo tu, ghafla ukaruka na kona yake ikaingia kiganjani mwako. Ungeutupa ukimbie. Mtumiaji naye hushtuka vivyo hivyo, hata kama hawezi kueleza kilichomshtua.

Dawa ni kukumbuka, wakati ule kitufe kinapobonyezwa, umbali kati ya kona ya kipande na mahali mkono uliposhika. Mimi nauita pengo la mshiko. Hapa ni 370 toa 300, yaani 70, na 180 toa 120, yaani 60. Baada ya hapo, kila mshale unaposogea, hesabu ni moja:

kona mpya = mahali pa mshale toa pengo la mshiko

Mshale ukifika x 500, y 260, kona inakwenda x 430, y 200. Mlango unafuata mkono kana kwamba umeshikwa kweli. Kitufe kikiachiwa, unalifuta pengo, ili mshale ukizunguka tu bila kubonyezwa usiburute kitu.

Mifano mingi ya mafunzo hutumia njia nyingine. Inakumbuka mahali mshale ulipokuwa mara ya mwisho, inatafuta tofauti na mahali ulipo sasa, inakisogeza kipande kwa tofauti hiyo, kisha inakumbuka mahali papya. Njia hii inafanya kazi, na mimi nilianza nayo. Lakini inabeba ugonjwa ambao hauonekani mpaka programu ianze kukua, na ili kuuelewa inafaa tukiangalie kipanya chenyewe.

Kipanya cha kwanza kilikuwa kazi ya useremala, jambo ambalo fundi wangu alilipokea kwa furaha kubwa. Wazo lilikuwa la Douglas Engelbart, aliyekuwa akifanya utafiti California, na mwenzake Bill English ndiye aliyekiunda mwaka 1964: kipande cha mti kilichochongwa kikatosha kiganjani, chini yake magurudumu mawili madogo ya chuma yaliyokaa kwa pembe mraba. Gurudumu moja lilihesabu mwendo wa kulia na kushoto, jingine mwendo wa mbele na nyuma. Hicho kipanya hakikujua kiko wapi mezani. Ukikinyanyua na kukiweka upande mwingine wa meza, hakina habari. Vya leo vina taa na kamera ndogo badala ya magurudumu, lakini tabia ni ile ile: vinatuma hatua tu, hatua tano kulia, mbili chini, na vingi vya kawaida vinavyochomekwa kwa USB hufanya hivyo mara 125 kwa sekunde.

Anayejumlisha hatua hizo mpaka zikawa mahali ni mfumo endeshi, mfano Windows. Ndiye anayejua mshale uko wapi na ndiye anayeusimamisha ukingoni mwa skrini. Kwa hiyo habari inapofika kwenye programu yako, hesabu ya kujumlisha imeshafanyika. Ukirudi kutafuta tofauti na kuzijumlisha tena, umefungua daftari la pili la mauzo yale yale. Yanaweza kwenda sawa mwezi mzima. Siku daftari moja likiruka mstari, hayapatani tena, na hakuna wa kukuambia lilianza kukosea wapi.

Ugonjwa huo ulinijia siku nilipoongeza kunasa. Fundi alitaka vipande vijipange vyenyewe kwenye mistari ya kila milimita 50, yaani kila pikseli 20, ili asihangaike kulinganisha kwa jicho. Nikaandika: sogeza kwa tofauti, kisha peleka kwenye mstari ulio karibu. Nikajaribu, kikafanya kazi. Fundi akajaribu, hakikusogea hata kidogo. Tulibadilishana kiti mara tatu. Mimi kinakwenda, yeye kimeganda.

Sababu ilikuwa kasi ya mkono. Mimi navuta haraka, yeye ana mkono wa fundi, anavuta taratibu. Kipande kiko x 200. Mshale umesogea pikseli 3, kipande kinapaswa kuwa 203, kinarudishwa kwenye mstari wa 200. Habari inayofuata, tena pikseli 3: inaanzia 200, inakuwa 203, inarudi 200. Anaweza kuvuta kutoka mwisho mmoja wa meza hadi mwingine na kipande kisitoke, kwa sababu kila hatua ndogo inafutwa kabla haijakutana na mwenzake. Anayevuta kwa kishindo anapata hatua ya pikseli 12 au 15 kwa mara moja, inavuka nusu ya pikseli 20, kipande kinaruka.

Ukitumia pengo la mshiko, tatizo hili halizaliwi. Mahali panahesabiwa upya kila mara kutoka kwenye mshale wenyewe: 203, 206, 209, 212. Ile 212 iko karibu zaidi na mstari wa 220, na kipande kinasogea. Kunasa kunaathiri kinachochorwa, hakuigusi kumbukumbu.

Ukingo wa bodi ni vivyo hivyo. Mlango wetu haupaswi kutoka nje ya bodi, kwa hiyo x yake inabanwa kati ya 0 na 736, ambayo ni 976 toa 240, na y kati ya 0 na 328. Ukitumia tofauti za hatua, mtumiaji akivuta kupita ukingo kipande kinasimama, lakini anaporudi nyuma kinaanza kumfuata papo hapo, mshale ukiwa bado nje. Mkono na kipande vinaachana, na havikutani tena mpaka aachie na kushika upya. Ukitumia pengo la mshiko, kipande kinasubiri ukingoni mpaka mshale urudi pale pale ulipokishika, kisha kinaendelea nao. Watu hawalioni jambo hili likiwa sahihi. Wanahisi tu kwamba programu inawatii.

Kuna swali lililotangulia haya yote: programu itajuaje ni kipande gani kimeshikwa? Kanvasi ya Tkinter, yaani ubao wake wa kuchorea, inakusaidia, maana kila umbo lililochorwa humo linabaki kuwa kitu chenye namba yake, na lile lililo chini ya mshale linapewa alama ya current. Kwenye Swing unachora rangi tu. Ukishachora mstatili, Java haikumbuki kwamba uliwahi kuuchora. Orodha ya vipande unaitunza wewe, na kila kitufe kinapobonyezwa unaipitia ukiuliza: je, mshale umo ndani ya hiki?

Kwa mstatili ni rahisi: x ya mshale iwe kati ya kushoto na kulia, y iwe kati ya juu na chini. Kwa meza ya duara, tafuta umbali wa mshale kutoka kitovu. Kipeo cha pili cha umbali huo kisizidi kipeo cha pili cha nusu kipenyo, na hapo huhitaji hata kutafuta kipeuo. Umbo lenye kona nyingi, mfano uso wa meza ya jikoni wenye umbo la herufi L, lina njia moja nzuri sana. Chora kichwani mstari ulionyooka kutoka kwenye mshale kwenda kulia bila mwisho, uhesabu umevuka kingo ngapi za umbo. Idadi ikiwa witiri, uko ndani. Ikiwa shufwa, uko nje. Chukua penseli uijaribu kwenye karatasi. Ni moja ya hesabu ninazozipenda kuliko zote katika kazi hii.

Vipande vikilaliana, pitia orodha kuanzia kilichochorwa mwisho, kwa kuwa ndicho kilicho juu na ndicho jicho linachokiona. Kikishapatikana kihamishie mwisho wa orodha ili kipande kilichoshikwa kielee juu ya wenzake. Na ukishakipata, usiulize tena mpaka kitufe kiachiwe. Nimeona programu za wanafunzi zinazouliza “mshale uko juu ya nini?” kila mwendo. Mkono ukienda haraka, mshale unaruka nje ya kipande kabla hakijachorwa upya, programu inajibu “hakuna kitu”, na kipande kinaachwa njiani kama abiria aliyeshuka kununua parachichi basi likaondoka.

Kuachia nako kuna mtego wake. Mtumiaji anaweza kubonyeza ndani ya dirisha akaachia nje yake. Tkinter na Swing zimelishughulikia: kitufe kikishabonyezwa ndani, habari za mwendo na za kuachia zinaendelea kuja pale pale hata mshale ukitoka, ndiyo maana wakati mwingine utaona x hasi. Ukiandika moja kwa moja kwa Windows, itakubidi uombe mwenyewe kwa amri ya SetCapture. Jingine ni kwamba kubofya ili kuchagua na kuburuta vinaanza kwa habari ile ile. Mkono hutikisika, na kipande kilichochaguliwa tu kinasogea pikseli moja bila mtu kutaka. Mimi husubiri mshale usogee pikseli 4 kutoka ulipobonyezwa ndipo naanza kuburuta.

Vipi kipande kikipita juu ya kingine? Nilianza kwa kukataza, na ilikuwa kosa. Kwenye boksi la fundi kipande hunyanyuliwa na kupitishwa juu ya vingine. Ukikataza, mlango unakwama nyuma ya rafu kama gari kwenye tope la Machi. Kiache kipite, kichore chekundu kinapolalia kingine, na uamue kitufe kinapoachiwa. Kama bado kimelala juu ya mwenzake, kirudishe kilikotoka. Kwa hiyo wakati wa kubonyeza kumbuka vitu viwili, pengo la mshiko na mahali pa mwanzo. Hicho cha pili kinakupa pia kitufe cha Esc cha kughairi, bila kazi ya ziada.

Sasa jambo ambalo ningeomba kila anayeanza alisikie mapema. Kwa kipimo changu, pikseli moja ni milimita 2.5. Msumeno wa fundi unakula karibu milimita 3 kila unapopita. Maana yake pikseli moja kwenye skrini ni karibu unene wote wa njia ya msumeno, na hakuna mkono duniani unaoweza kupanga kwa usahihi huo kwa kuburuta peke yake. Ukitunza mahali pa kipande kwa pikseli, umeupoteza usahihi kabla ya kuanza, na dirisha likikuzwa kila namba inabadilika. Tunza milimita. Pikseli zihesabiwe wakati wa kuchora na wakati wa kusoma mshale tu, kisha zisahauliwe.

Kwa hiyo kingo mbili zikikaribiana chini ya milimita 20, programu inazinasa na kuacha njia ya msumeno ya milimita 3 kati yake. Vitufe vya mishale vya kibodi vinasogeza milimita moja moja. Fundi huburuta kwanza mpaka mpangilio umpendeze, kisha anamalizia kwa vitufe.

Alibakiza ombi moja: kugeuza kipande bila kukiachia. Kwa MDF, bodi ya mbao iliyosagwa na kushindiliwa, ni halali wakati wote, kwa bodi yenye uso wa mbao hapana, kwa sababu nyuzi zitakwenda kombo na mlango wa kabati utaonekana tofauti na mwenzake, hivyo kila kipande kina alama ya kusema kama kinaruhusiwa kugeuzwa. Nikaweka herufi R. Akaibonyeza akiwa amekishika, mlango ukageuka, na mshale ukabaki pembeni umeshika sehemu nyingine kabisa. Pengo la mshiko lilikuwa bado la mlango uliolala, wakati mlango sasa umesimama. Nalo linapaswa kugeuka: kwa mzunguko wa kulia wa robo, pengo jipya la x ni kimo cha zamani toa pengo la y, na pengo jipya la y ni lile la x la zamani. Kwa mlango wetu, 70 na 60 zinakuwa 100 na 70. Sasa akibonyeza R, mlango unazunguka pale pale alipoushika, kama anavyouzungusha ule wa boksi kwa kidole gumba na cha shahada.